Naomba ushauri: mkeka wa ukindu wa marehemu bibi, tuutandike au tuutundike?

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mkeka niliorithi kwa marehemu bibi yangu wa Pemba, ambaye alichana ukindu mwenyewe, akauchemsha katika rangi ya zambarau na ya kijani, akasuka ukili (utepe mrefu wa ukindu uliosukwa) kwa miezi kadhaa, kisha akaushona kwa mkono hadi ukatoka mkeka wa kulalia watu wawili. Nikiutazama kwa karibu naona jinsi alivyokuwa akihesabu chane, yaani vipande vyembamba vya ukindu, kwa kuwa mistari inakutana sawasawa kila mahali penye mshono, jambo ambalo silioni katika mikeka ya plastiki iliyojaa madukani.

Sasa tunaishi Dar es Salaam, karibu na bahari, katika nyumba yenye sakafu ya vigae. Upande wa chini wa mkeka umeanza kushika ukungu, uzi umekatika sehemu mbili za pembeni, na rangi iliyoelekea dirishani imefifia. Mume wangu anashauri tuutundike ukutani usiharibike zaidi. Mimi naona vigumu, kwa sababu watoto hulia chakula juu yake kila Ijumaa, na bibi aliusuka ili watu waukalie.

Wenye ujuzi wa ususi, naomba mnieleze namna ya kuondoa ukungu bila rangi kuchuja, na kama mshono urudiwe kwa ukindu wenyewe au kwa uzi wa katani. Je, kuzungushia pindo la kitambaa kutaulinda, au kutaficha unyevu?