Mada: Uuguzi Sachsen au ufundi wa mitambo Stuttgart, kijana achague uanagenzi upi?

Kutoka: Kassel

Ndugu wanajumuiya,

Salamu kwenu nyote. Ninaandika kwa niaba ya mtoto wa dada yangu aliyeko Morogoro. Ana umri wa miaka 22, amemaliza Kidato cha Nne, ana cheti cha ufundi wa mitambo kutoka VETA, chuo cha ufundi stadi, na hivi karibuni alifaulu mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha B1, yaani ngazi ya kati. Baada ya kutuma maombi zaidi ya arobaini amepata mikataba miwili ya uanagenzi, ile ambayo wenyeji wanaiita Ausbildung, na ametakiwa kujibu ndani ya wiki tatu. Mmoja ni wa uuguzi katika hospitali ya mji mdogo wa milimani jimboni Sachsen, karibu na mpaka wa Ucheki. Wa pili ni wa ufundi wa mitambo katika kiwanda cha vipuri vya magari, si mbali na Stuttgart.

Dada yangu anataka Stuttgart kwa sababu amesikia kwamba huko ndiko kwenye fedha. Nami nilikuwa karibu kukubaliana naye, hadi nilipoanza kusoma habari za viwanda vya magari kupunguza watu. Mimi nafanya usafi wa maofisi na sikupitia uanagenzi, kwa hiyo sitaki kumwongoza mtoto wa watu gizani. Naomba ushauri wenu.

Kutoka: Chemnitz

Dada wa Kassel,

Mpe kijana pongezi zangu, maana mikataba miwili kwa mtu ambaye bado yuko nyumbani si jambo dogo. Mimi nilisomea uuguzi huku Sachsen na sasa ni mwaka wangu wa tatu wodini nikiwa na cheti, kwa hiyo nitaeleza upande ninaoujua.

Kuhusu kazi kupatikana, hakuna shaka yoyote. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, vijana wa mashariki walihamia magharibi kwa wingi, na waliobaki wakasita kuzaa: watoto waliozaliwa mashariki walikuwa karibu 200,000 mwaka 1989, na kufikia 1994 hawakutimia 80,000. Wale ambao hawakuzaliwa miaka ile ndio ambao leo wangekuwa wauguzi, mafundi na walimu wenye umri wa miaka thelathini na kidogo. Badala yao tuna wazee wengi na mikono michache. Idara ya takwimu ya Ujerumani ilikadiria mwaka 2024 kwamba ifikapo 2049 nchi nzima itapungukiwa na wauguzi kati ya 280,000 na 690,000. Huku kwetu hospitali itakuajiri kabla wino wa cheti haujakauka.

Ugumu uko kwenye kukipata hicho cheti. Watu wa nyumbani wakisikia uanagenzi hudhani ni kazi yenye mafunzo kidogo pembeni, kumbe katika uuguzi ni saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za wodini kwa miaka mitatu. Mwishoni kuna mitihani mitatu ya kuandika, ya dakika 120 kila mmoja, halafu wa kuzungumza, halafu wa vitendo mbele ya mgonjwa. Sehemu uliyoshindwa hurudiwa mara moja tu. Miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila notisi. Katika darasa letu tulioanza na B1 tulikuwa watano, tukamaliza wawili. Wale watatu walikuwa wachapakazi ambao wagonjwa waliwapenda, lakini anatomia na sheria ya afya vilipita juu ya vichwa vyao kwa kasi ya mwalimu ambaye hajawahi kufundisha mtu aliyejifunza Kijerumani ukubwani.

Nitatoa mifano miwili ili mama yake kijana aelewe kwamba lugha si salamu na kununua mkate. Huku mtu akisema, kwa Kijerumani cha wenyeji, "viertel drei", yaani neno kwa neno "robo tatu", hana maana ya robo baada ya saa tatu ya kwao. Ana maana kwamba robo ya saa ya tatu imepita, na kwa kuwa saa ya tatu huanza mbili ya kwao inapogonga, hiyo ni 8:15 mchana kwa saa yetu ya Kiswahili. Katika wiki yangu ya pili niliambiwa mgonjwa wa chumba namba sita apelekwe eksirei wakati huo, nikampeleka saa tisa na robo, saa nzima baadaye. Sisi tunaohesabu saa tangu alfajiri tayari tunayo hesabu moja ya kufanya kichwani. Hapo nilikuwa nimeongezewa ya pili, tena katikati ya makabidhiano ya zamu.

Mfano wa pili ni koma. Wajerumani huandika koma pale tunapoandika nukta, na nukta pale tunapoandika koma. Katika zoezi la kukokotoa dozi niliandika 1.250 nikimaanisha moja na robo, na mwalimu akasoma elfu moja mia mbili na hamsini. Namshukuru Mungu lilikuwa zoezi la darasani.

Kwa hiyo kabla kijana hajasaini, aiandikie hospitali na kuuliza kama shule yao ina vipindi vya Kijerumani cha kazi ndani ya ratiba au anatakiwa kujitafutia jioni baada ya zamu. Aulize pia kuhusu waelekezi wa wodini, kwa sababu sheria inataka angalau asilimia 10 ya saa za vitendo ziongozwe na mwelekezi aliyesomea kazi hiyo, na ziko hospitali ambazo saa hizo huonekana kwenye karatasi tu. Vilevile cheti chake cha Kidato cha Nne lazima kilinganishwe na ofisi ya jimbo, kwa kuwa uuguzi una sharti la kisheria la elimu ya shule, na kila jimbo lina ofisi yake.

Maisha ya huku ni nafuu kwa kodi ya nyumba. Basi la mwisho kwenye miji ya milimani hupita mapema jioni. Na si siri kwamba katika uchaguzi wa jimbo wa Septemba 2024 chama kinachopinga uhamiaji kilipata zaidi ya asilimia 30 ya kura. Wodini sijawahi kukosa heshima ya wenzangu. Kwenye kituo cha basi nimewahi kuikosa. Aje akijua.

Kutoka: Esslingen

Binti yangu wa Chemnitz, umeeleza vizuri, na hilo la koma limenichekesha kwa sababu lilinipata na mimi mwaka 1998 mbele ya mashine ya kukereza vyuma, na chuma kile hakikuwa cha mazoezi.

Dada wa Kassel, hofu yako kuhusu magari ina msingi. ZF, kampuni kubwa ya vipuri vya magari, ilitangaza mwaka 2024 kwamba huenda ikapunguza hadi nafasi za kazi 14,000 nchini Ujerumani kufikia 2028. Volkswagen ilikubaliana na chama cha wafanyakazi mwezi Desemba mwaka huohuo kuondoa zaidi ya nafasi 35,000 kufikia 2030. Bosch, ambayo hapa kwetu ni kama mama wa mji, ilitangaza Septemba 2025 kuondoa nyingine 13,000. Agosti 2025 idadi ya wasio na kazi nchini ilivuka milioni tatu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi. Wakubwa wakipiga chafya, viwanda vidogo vya vipuri hulazwa.

Lakini tusichanganye kiwanda na ufundi. Kijana haombi kazi ya kusimama kwenye mkanda wa kuunganishia magari. Anasomea fani ya miaka mitatu na nusu ambayo mtihani wake husimamiwa na chemba ya viwanda, na cheti hicho kinatambuliwa nchi nzima, iwe kwa watengenezaji wa pampu, kwenye karakana za reli au kwa mafundi wa hospitali hiyohiyo ya Sachsen. Na kiwanda kikifilisika akiwa katikati ya mafunzo, sheria ya ukaazi inasema kwamba mwanagenzi aliyepoteza nafasi bila kosa lake apewe hadi miezi sita ya kutafuta nafasi nyingine, na washauri wa chemba hizo humsaidia. Mtihani wa mwisho hurudiwa mara mbili, si mara moja kama kwa wauguzi.

Kuna jambo ambalo linanisumbua zaidi ya kufungwa kwa viwanda. Nchi hii inalia kwamba haina mafundi, na mwaka 2023 nafasi zipatazo 73,000 za uanagenzi zilibaki bila mtu, wakati mwaka 2022 watu karibu milioni 2.9 wenye umri wa miaka 20 hadi 34 hawakuwa na cheti cha fani yoyote. Si wachache kati yao ni watoto waliosoma hapahapa. Karibu mikataba mitatu kwa kila kumi ya uanagenzi huvunjwa kabla ya muda, ingawa baadhi yao huhama fani tu. Maana yake ni kwamba pengo la wafanyakazi halizibwi kwa kuleta watu peke yake, kwa sababu mlango mwembamba ni shule ya ufundi, na mlango huo humbana Mjerumani na sisi vilevile. Nimekuwa mkufunzi wa wanagenzi kwa miaka kumi na moja, na ninaowaona wakianguka huanguka kwenye siku mbili za shule. Zile siku tatu za karakana huzimudu vizuri.

Ndiyo maana sikubaliani na hoja kwamba aende palipo na uhaba mkubwa zaidi. Kijana aliyekaa VETA akinusa mafuta ya mashine, ukimpeleka kuogesha wazee kwa sababu tu kuna kazi, hatamaliza miezi sita ya majaribio. Kwenye ufundi anaanza na mtaji: mchoro wa kifundi ni uleule, milimita ni ileile, na chuma hakina lahaja. Mashine inamsamehe Kijerumani kibaya kwa muda. Mgonjwa hawezi, wala hapaswi.

Hata hivyo asisaini akiwa amefumba macho. Aulize kiwanda kinatengeneza nini hasa. Kama ni vipuri vya injini ya mafuta au gia tupu, ajue hatari ilipo. Kama kinauzia pia wateja walio nje ya magari, hiyo ni habari njema. Aulize wanagenzi waliomaliza mwaka jana wako wapi. Posho pia aiulize: kima cha chini cha kisheria kwa mwaka wa kwanza, kwa mikataba iliyoanza 2025, kilikuwa euro 682 kabla ya makato, na kiwanda chenye mkataba wa chama cha wafanyakazi hulipa karibu mara mbili ya hapo. Kwa euro 682 kuishi karibu na Stuttgart bila chumba cha hosteli ni kujitesa. Na mwambieni dada yenu wa Morogoro asihesabu fedha za kutumiwa katika mwaka wa kwanza, kwa sababu mzigo huo ndio unaowatuma wanagenzi kuosha vyombo mahotelini jioni, hadi wanasinzia darasani.

Mkataba huo ukionekana dhaifu, kuna njia ya tatu ambayo vijana wetu hawaioni: ufundi wa mifumo ya kupasha nyumba joto na ufundi wa umeme. Huko mafundi wanasakwa kila jimbo, na kwa fani hizi sheria haiweki sharti la cheti fulani cha shule. Mwenye karakana ndiye anayeamua.

Kutoka: Hamburg

Nawasalimu wote. Naongeza dogo tu kuhusu mawakala. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, kule Nairobi kumezagaa maneno kwamba kuna nafasi 250,000 za kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha waziwazi kwamba makubaliano yana idadi yoyote. Binamu yangu alishalipa "ada ya kuhifadhiwa nafasi" kabla sijamwonyesha kanusho hilo. Mkataba wa uanagenzi haununuliwi, na dada wa Kassel, ikiwa kijana aliipata mikataba hiyo kwa kuandika barua zake mwenyewe, basi huyo ameshafaulu mtihani mmoja.

Kutoka: Kassel

Asanteni sana. Kijana ameomba aandike mwenyewe, nami nimemwachia.

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma ushauri wote mara tatu. Niliandikia pande zote mbili maswali mliyonifundisha. Hospitali imejibu kwa upole kwamba vipindi vya lugha havimo kwenye ratiba na kwamba kila mwanagenzi hujipangia. Kiwanda kimejibu kwamba sehemu kubwa ya kazi ni gia za magari, lakini tangu miaka miwili iliyopita wanakereza pia vipuri vya pampu za maji, na kwamba wanagenzi wote watatu wa mwaka jana walibakizwa kwa mkataba wa mwaka mmoja. Chumba cha hosteli kipo, na mafunzo yanaanza tarehe 1 Septemba. Nimeamua kwenda kiwandani. Mama amekubali, ingawa bado anauliza kwa nini sitatuma kitu mwaka wa kwanza. Kabla ya kusafiri nataka nifanye mtihani wa B2.

Mzee wa Esslingen, nimesoma mahali kwamba mwanagenzi hujaza daftari la mafunzo kila wiki, na kwamba asiye nalo haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Je, anayelitia saini ni mwalimu wa shule au ni fundi wa kiwandani?

Kutoka: Esslingen

Marahaba, mwanangu. Ni mkufunzi wako wa kiwandani. Andika kila Ijumaa kabla hujavua ovaroli, kwa sentensi zako mwenyewe, hata kama zina makosa, kisha umpelekee siku hiyohiyo. Mkufunzi akiletewa kurasa za miezi mitatu kwa mpigo, hutia saini bila kusoma, na wewe unakosa mtu wa kukusahihishia Kijerumani bure.