Naomba ushauri: tunahamisha programu za shule ya sheria ndani ya kampasi, nani ahame kwanza na nani asiguswe?

AfisaRatiba

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wale waliowahi kupitia jambo kama hili. Mimi ni afisa utawala kwenye shule ya sheria ya chuo kimoja huku bara, jina tuliache. Tumekabidhiwa jengo jipya la ghorofa nyuma ya maktaba na nimewekwa kwenye kamati ndogo ya kupanga nani anahamia wapi. Kamati ina watu wa ofisi, mhadhiri mmoja na mtu wa Milki (idara ya majengo ya chuo) basi, mwanafunzi hayumo wala mtu wa kliniki hayumo, nimeomba waongezwe nasubiri jibu.

Hali ilivyo sasa, kliniki ya msaada wa sheria iko jengo la zamani chini, ukiingia geti dogo tu unaiona, vyumba viwili na kibaraza chenye mabenchi. Watu wa masta wanasomea chumba cha mikutano ambacho kikiitwa kikao wanatolewa. Diploma ya jioni wapo madarasa ya mbele karibu na barabara. Maktaba imejaa mpaka ripoti za kesi zimepangwa koridoni. Mahakama igizi (ukumbi wa wanafunzi kufanyia mazoezi ya kuendesha kesi) ipo ila nusu yake imegeuka stoo ya viti vibovu.

Rasimu iliyoletwa mezani inasema kliniki ipande ghorofa ya pili jengo jipya ili ipate hadhi, masta wachukue chini yote ya jengo jipya kwa kuwa ada yao ni kubwa, diploma ya jioni waende nyuma kwenye bwalo la zamani, vitabu vinavyozidi maktaba viende juu jengo la zamani pale zilipokuwa ofisi za wahadhiri, na mahakama igizi ibaki kama ilivyo "kwa sasa". Yote yafanyike likizo hii ndefu kabla wanafunzi hawajafungua.

Kwenye karatasi inapendeza, ila wiki hii nilikaa pale kibarazani kliniki asubuhi, akaingia bibi mmoja na fimbo yake, mkononi mkoba umejaa karatasi za kiwanja, hati ya mauziano ya kuandikwa kwa mkono, barua ya serikali ya mtaa, risiti zimefifia hazisomeki. Nikawaza huyu bibi akiambiwa panda ghorofa ya pili na lifti yenyewe bado haijafungwa atafanyaje. Sasa mnieleze, mpango wa namna hii unaanziaje, na hoja gani nikiweka mezani itasikilizwa?

MkutubiMtulivu

Pole na kazi mkuu, na hongera kwa kwenda kukaa kibarazani, wengi wanapanga wakiwa wamekodolea ramani tu.

Mimi nimefanya kazi maktaba muda mrefu kwa hiyo nitasemea vitabu. Hilo wazo la kupandisha vitabu kwenye ofisi za wahadhiri lisimamishwe LEO mpaka injinia wa majengo aandike kwa mkono wake. Sakafu ya ofisi kwa kawaida husanifiwa kubeba kama kilo 250 kwa mita ya mraba, sakafu ya shelfu za maktaba inasanifiwa kubeba kilo 700 na zaidi, tofauti yake karibu mara tatu. Na vitabu vya sheria ni vizito kuliko vya fani nyingi, ripoti za kesi zenye jalada gumu ukijaza mita moja ya shelfu tayari una kilo 40 hivi, shelfu moja ina ngazi sita au saba, pande mbili, halafu mstari mzima wa shelfu. Jengo halitaanguka siku hiyo hiyo, litaanza kupinda kidogo kidogo na milango kugoma kufunga, mtu anaita fundi seremala kumbe tatizo ni sakafu. Vitabu vipewe chini, iwe jengo jipya au la zamani, hiyo kwangu haina mjadala.

La pili, shelfu mpya mnanunua kwa njia gani? Kama chuo ni cha umma mnapita NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, chini ya Sheria ya Ununuzi ya 2023, na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo kama shelfu hazipo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka huu mtahamisha vitabu mje kuvilaza sakafuni. Na vuli ikianza mwezi wa kumi vitabu vya sakafuni ndio vya kwanza kulowa.

Kuhusu kupunguza: hukumu nyingi siku hizi zinapatikana bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kwa hiyo nakala zilizojirudia za ripoti za karibuni mnaweza kutoa nyingine stoo bila kumuumiza mtu. Juzuu za zamani msiziguse. Wakati wa kufunga kila boksi liandikwe namba ya shelfu linakotoka na namba ya shelfu linakokwenda, na mfungaji awe mtu wa maktaba, vibarua wabebe tu.

Mama_Kliniki

Kaka AfisaRatiba nimesoma ulichoandika kuhusu yule bibi nikasema huyu kijana ameona. Mimi ni wakili, nimesimamia kliniki ya chuo kwa miaka, acha nikueleze kitu ambacho kwenye rasimu zenu huwa hakionekani.

Masta, diploma, LLB (shahada ya kwanza ya sheria), hao wote wakihamishwa wanapata tangazo kwenye grupu la WhatsApp na kesho yake wapo mlango mpya. Mteja wa kliniki hana grupu. Alielekezwa na jirani yake aliyesaidiwa zamani, akaambiwa "ukishuka kwenye gari ingia geti dogo, mlango wa kwanza wenye mabenchi". Hiyo ndiyo anwani yenu kwa mtaa mzima. Mkihamisha kliniki anayepotea ni yule wa mirathi na yule mama wa matunzo ya watoto ambaye ametoroka nyumbani kwa saa mbili tu, akifika akakuta mlango umefungwa hatazunguka kampasi kuuliza, atarudi zake na pengine ndio basi.

Kwa hiyo mimi nasema kliniki ISIHAME. Iongezewe nafasi palepale. Madarasa ya jirani yakiachwa wazi, kliniki itanuke. Na ikilazimika kabisa kuhama basi iwe chini, iwe upande wa geti, na njia ya kiti cha magurudumu iwe na mteremko wa kweli, yaani ukipanda sentimita moja unakwenda mbele sentimita 12, sio ule mteremko wa fundi kumwaga zege mbele ya ngazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inadai majengo ya umma yafikike, na shule ya sheria ndiyo ya kwanza inayotakiwa kuitii, hiyo weka kwenye kumbukumbu za kikao.

Halafu kuna usiri. Waulize hao wajenzi kuta za ndani jengo jipya ni za nini, kama ni bodi nyepesi basi mteja akisimulia mambo ya ndoa yake benchi zima linasikia. Mnahitaji walau chumba kimoja cha tofali chenye mlango unaofunga vizuri, na sehemu mbili za kungojea, maana kuna siku mke yupo ndani anasikilizwa na mume naye anaingia kuomba msaada kwenye ofisi ileile, wakikutana benchi moja mtajuta.

Mafaili nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, mafaili ya wateja yasibebwe kwenye toroli na vibarua yakaachwa koridoni wakati watu wanakwenda kula. Yahamishwe siku moja, kabati limefungwa kufuli, afisa wa kliniki anatembea nalo mpaka linapofika. Na kabla ya siku hiyo pitia kila kesi iliyo hai, nyaraka zilizopelekwa mahakamani zina anwani gani, kwa sababu wito wa mahakama ukipelekwa mlango wa zamani kesi ya mtu inafutwa kwa kutohudhuria naye hana habari. Msajili wa watoa msaada wa kisheria aandikiwe pia, mpo chini ya ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Mwanamasta

Samahani nami nichangie, mimi ni mwanafunzi wa masta (chuo kingine). Naona tunapewa ghorofa ya chini yote kwa sababu tunalipa ada kubwa lakini hakuna aliyetuuliza tunataka nini. Hatuhitaji chini. Tunahitaji kuwa karibu na maktaba, chumba kisichokuwa na kelele, umeme usiokatwa saa kumi na moja jioni maana wengi tunatoka kazini, na intaneti inayoshika. Mtupe ghorofa ya pili ya jengo jipya hilo lililo nyuma ya maktaba tutashukuru, tuna miguu. Ila msituweke chini ya ukumbi wa mijadala, viti vinaburuzwa usiku kucha.

Fundi_wa_Milki

Wakuu wote mmesema vizuri ila mmeruka swali la kwanza la mleta mada, NANI AHAME KWANZA. Mimi hii ndio kazi yangu.

Kuhama ndani ya kampasi moja ni kama kucheza bao, huwezi kusogeza kete bila kujua shimo linalofuata lina nini. Tafuta chumba kimoja kikubwa kiwe wazi kabla ya chochote, na kwenu ninyi chumba hicho ni mahakama igizi. Toa vile viti vibovu. Najua wataniambia vina namba za mali ya serikali haviwezi kutupwa, sawa, ndio maana nasema muanze sasa kuandikia bodi ya uondoshaji (inayoidhinisha mali chakavu kutolewa), kikikaa kikao mwezi wa mwisho mmechelewa. Chumba kikiwa tupu ndicho kinapokea walio katikati ya kuhama kwa wiki chache, na mwisho wa yote kinarudi kuwa mahakama igizi. Andikeni na tarehe ya kukirudisha, la sivyo kitakuwa ofisi ya mtu.

Ningeenda hivi. Masta wanapanda jengo jipya ghorofa ya pili kwanza, hawana mizigo. Chumba cha mikutano kinabaki huru. Vitabu vya koridoni vinaingia chini jengo jipya, mkutubi kasema, na ni mlango wa pili tu kutoka maktaba. Kliniki inabaki na kutanuka. Diploma ya jioni sijui bwalo lina taa kiasi gani, hilo mtembelee usiku, sio saa nne asubuhi.

Kuhusu jengo jipya lenyewe, msiingie kabla ya kuwasha kila kitu kwa pamoja, vyoo vyote, viyoyozi vyote, projekta zote, siku nzima. Mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro ndani ya muda wa mkataba na ni rahisi kumwita chumba kikiwa kitupu kuliko kikiwa na wanafunzi mia. Na lifti kama haijafungwa basi muihesabu kuwa HAIPO, pangeni kana kwamba haitakuja.

Lakini Mama Kliniki hapo kwenye kutohama kabisa sikubaliani moja kwa moja, jengo la zamani nyaya zake zikoje? Kama zinatakiwa kubadilishwa mtawahamisha tu mwaka ujao kwa dharura, na dharura ni mbaya zaidi.

Mama_Kliniki

Fundi hapo umenipata, nyaya zikaguliwe. Ila wakibadilisha wabadilishe chumba kimoja kimoja, kliniki ikiwa inafanya kazi chumba cha pili.

Jioni_Parklands

Wadau salama? Mimi niko Nairobi, nilisoma masomo ya jioni pale Parklands ambapo shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi ipo mbali na kampasi kuu, kwa hivyo mambo ya kutembea usiku nayajua. Huyo anayesema diploma wapelekwe bwalo la nyuma aende asimame hapo saa mbili na nusu usiku akiwa na mkoba wa laptop. Wanafunzi wa jioni wakitoka darasani wanakimbilia gari la mwisho, na wengi ni akina dada wanaofanya kazi mchana. Njia ya giza itawafanya watoke lekcha nusu saa mapema kila siku na mwishoni mtasema matokeo yao ni mabaya. Waacheni mbele karibu na barabara, mchana madarasa hayo yatumike na LLB.

Kitu kingine, huku kwetu Baraza la Elimu ya Sheria likikuja kukagua linaangalia maktaba, madarasa, mpaka mahakama igizi kama inatumika. Sijui nyinyi mnakaguliwa vipi na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya kwenu, lakini ile stoo ya viti ningeitoa haraka. Mahakama igizi ndiyo mwanafunzi anasimama mara ya kwanza na kusema "Mheshimiwa Jaji", akitetemeka atetemeke hapo, sio mbele ya mteja wake.

AfisaRatiba

Nashukuru sana wote, nimechapa majibu haya nikampa mwenyekiti wa kamati. Jana jioni nilikwenda bwalo la zamani na mlinzi, kuna taa moja mlangoni na njia nzima mpaka barabarani haina hata moja, nimepiga picha na nitaiweka kwenye kikao. Barua ya injinia kuhusu sakafu nimeomba kwa maandishi, na ya nyaya pia. Mwakilishi wa wanafunzi amekubaliwa kuingia kamati, mtu wa kliniki bado wanasema "ataalikwa ikihitajika".

Swali la mwisho kwa Mama Kliniki: tukibadilisha nyaya chumba kimoja kimoja kutakuwa na siku chache wateja wanaingilia mlango wa upande. Tangazo tuweke wapi?

Mama_Kliniki

Usisubiri wakualike, peleka barua ya kliniki yenyewe kwa Amidi, mkuu wa shule ya sheria, akiisoma ataita.

Tangazo la karatasi kwa herufi kubwa mlango wa zamani, na mshale, na namba ya simu inayopokelewa, sio ya ofisi inayolia tu. Lingine ofisi za serikali za mtaa zinazowazunguka na kwa makarani wa mahakama ya mwanzo, hao ndio wanaowaelekeza watu kwenu. Muambie na mlinzi wa geti dogo, kwa jina, zamu zote mbili. Halafu muweke mwanafunzi mmoja wa kliniki kwenye lile benchi la zamani kila asubuhi mpaka kazi iishe, wengine hawasomi tangazo na wengine hawajui kusoma.