Tenwila au trela: ipi ngumu zaidi mikononi? Tupeane uzoefu

Gia ya Nane (Nakuru)

Wadau, habari za barabara. Vijana wanaotoka kwa tenwila kwenda trela huuliza ugumu uko wapi hasa, na majibu wanayopata kwenye vibanda vya chai Salgaa (kituo cha malori karibu na Nakuru) ni majigambo matupu. Hapa tuweke kazi yenyewe: mkono hufanya nini, kipi huharibika, kwa sababu gani. Hadithi za nani alimpita nani Timboroa tuziache.

Ili tuelewane, tenwila ni lori zima la ekseli tatu, tairi 10. Trela ni kichwa cha ekseli tatu (wengine huita hosi) kinachovuta semi (bodi isiyo na ekseli za mbele, hulalia kichwa) ya ekseli tatu, jumla tairi 22. Leseni ya lori zima ni C, ya trela ni CE. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, mbili za nyuma pamoja tani 18, na tatu za semi pamoja tani 24. Kwa hiyo tenwila mwisho wake ni tani 26 pamoja na mzigo, na trela tani 50. Zishike hizo namba, zitahitajika.

Naanza na kona kwa sababu ndiyo inayoogopwa na wengi. Lori zima lenye mita 5.5 kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, likizunguka duara la nusu kipenyo mita 12, tairi za nyuma huingia ndani kiasi cha mita 1 na kitu. Semi yenye mita 8 kutoka kingpini (pini ya chuma inayoiunganisha na kichwa) hadi ekseli zake huingia ndani mita 3 au zaidi kwenye duara hilohilo. Hiyo ni leni nzima. Ukikata kushoto kuingia barabara ya soko kama pale Kibuye, peleka kichwa mbele hadi tairi zake za nyuma zipite ukingo, ndipo ukate. Lile pengo unaloacha kushoto ndilo bodaboda huona ni njia yake, kwa hiyo kioo cha kushoto ukitazame mara tatu: kabla, katikati, na semi ikishanyooka.

Ila msidhani tenwila haina hila. Mkia wake. Bodi ndefu iliyovuka ekseli ya mwisho kwa mita 2.5 hadi 3 hutupwa nje upande wa pili wa kona. Ukikata kulia ghafla ukiwa umebana ukingo wa kushoto, mkia unafagia kibanda cha M-Pesa na hutasikia kitu.


Taniboi Mzee (Kisumu)

Mimi nitasema rivasi tu.

Tenwila: unataka nyuma iende kulia, usukani kulia. Basi.

Semi: nyuma iende kulia, usukani kushoto. Anayeanza ashike usukani kwa chini, pale saa sita. Mkono ukielekea kulia, mkia wa semi unaelekea kulia, kichwa hakichanganyikiwi. Anza kichwa na semi vikiwa vimenyooka kama rula. Geuza kidogo, ngoja mita moja au mbili semi ianze kujibu, halafu rudisha usukani upande wa pili ili kichwa kiifuate semi. Kosa la wengi ni kuongeza usukani kabla semi haijajibu. Ikishajibu inajibu zaidi ya ulivyotaka, pembe inakuwa kali, na kuanzia hapo kila sentimita unayorudi inaikunja zaidi. Dawa ni moja: songa mbele, nyoosha, anza upya. Kusonga mbele si aibu. Kupinda bawa la kichwa ndiyo aibu.

Kwetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, ingia geti ukirudi upande wa kulia. Unaona tairi za mwisho za semi kwa macho yako. Ukirudi kushoto, kioo cha kulia kinakuonyesha ubavu wa kichwa na cha kushoto kinakuonyesha ukuta wa semi, mwisho wake huuoni.

Taniboi (msaidizi wa dereva) asisimame katikati nyuma ya gari. Asimame pembeni, upande wa dereva, mahali uso wake unaonekana kwenye kioo. Akipotea kwenye kioo, simama. Hata kama bado anapiga bodi na kupayuka "kuja, kuja".


Miwa (Chemelil)

Mmesahau mnyama wa tatu: lori zima linalovuta trela ya mkia, ile yenye ekseli ya mbele inayozunguka kwenye meza yake. Huku kwenye miwa ipo. Hiyo ina viungo viwili, pale ndoano inaposhika na pale meza inapozunguka. Kwenye rivasi unageuza mara mbili, kwa hiyo nyuma iende kulia unaanza usukani kulia kama tenwila, lakini meza ikishachukua pembe una mita chache tu kabla haijafika mwisho wake na kuvunja mkono wa kuvutia. Madereva wengi wa semi hawaiwezi. Shambani tunaikwepa kwa kupanga njia ya kuingia na kutoka bila kurudi nyuma kabisa. Ikilazimika, fungua trela, toa lori, tafuta trekta.

Na mwendo: lori likiyumba kidogo kukwepa shimo, mkia unayumba zaidi. Mzigo wa miwa uko juu. Hapo huyumbishi usukani mara ya pili. Acha shimo ligongwe.


Laini na Dramu (fundi, Nakuru)

Rivasi humchubua mtu rangi na heshima. Kinachoua ni mteremko, na hapo watu wanalinganisha vibaya. Wanasema trela ni ngumu kusimamisha kwa sababu ni nzito mara mbili. Pigeni hesabu kwa zile namba za Gia ya Nane. Tenwila tani 26 kwa ekseli tatu ni kama tani 8.7 kwa kila ekseli. Trela tani 50 kwa ekseli sita ni kama 8.3. Kila ekseli ina breki zake. Kwa karatasi, dramu ya trela inabeba kazi pungufu kidogo kuliko ya tenwila!

Basi mbona trela ndizo zinanuka laini (bitana za breki zinazosugua dramu) kuanzia Sachangwan hadi Salgaa? Kwa sababu zile ekseli tatu za semi mara nyingi hazifanyi kazi. Kichwa ni cha tajiri mmoja, semi ni ya mwingine, au zinabadilishana kila safari. Kichwa kinaenda gereji kwa sababu kikizima safari imekwisha. Semi haizimi. Inafuata tu, hata breki zake zikiwa zimekufa mwezi mzima, na dereva hajui, kwa sababu kwenye tambarare kichwa kinatosha. Akifika mteremkoni, ekseli tatu za kichwa zinabeba tani 50. Hapo umepata karibu tani 17 kwa ekseli.

Kupima ni dakika kumi kwa semi nzima. Weka mawe kwenye tairi, achilia hendibreki, zima injini, hewa ya breki iwe bari 6 hadi 7. Piga chaki kwenye fimbo ya kila chemba (kopo la hewa linalosukuma breki) pale inapotokea. Mtu akanyage breki mpaka chini na ashikilie. Pima fimbo imetoka kiasi gani. Kwa chemba ya kawaida ya namba 30, mwisho ni sentimita 5. Ikizidi hapo, kaza. Breki ya kukazwa kwa mkono: kaza mpaka laini iguse dramu, kisha rudisha robo hadi nusu mzunguko. Ile ya kujikaza yenyewe usiizoeshe spana. Ikilegea tena baada ya siku chache, kuna bushi au pini iliyolika, na hiyo ndiyo ya kutengenezwa.

Kwa nini sentimita 5? Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia laini. Fimbo inalazimika kusafiri mbali zaidi kuifikia. Kama ikiwa baridi ilikuwa tayari mwisho wa safari yake, ikiwa moto haina pa kwenda. Unakanyaga, pedali ni ngumu na nzuri, hewa ipo, na gari haisimami. Ndiyo maana dereva huapa kwamba breki zilikuwa sawa asubuhi. Zilikuwa sawa, ila zilikuwa baridi.

Halafu kuna hii tabia ya kuachilia gari free ili kuokoa dizeli. Ukitoa gia umepoteza injini na ekzosti breki (inayoziba moshi ili injini izuie gari) kwa mpigo. Injini iko sailensa (haijakanyagwa mafuta), kompresa ya hewa inazunguka polepole, na wewe unakanyaga pedali kila mara: hewa inatoka haraka kuliko inavyoingia. Ukitaka kurudisha gia kwenye kilomita 80, gia haiingii tena. Tenwila au trela, hapo ni sawa.


Gia ya Nane (Nakuru)

Fundi amemaliza upande wa chuma. Upande wa dereva: gia huchaguliwa kileleni, kabla pua haijainama. Gia ambayo gari lingepandia mlima ule likiwa na mzigo, au moja chini yake. Injini ifikie mzunguko ambao ekzosti breki inauma, lakini isiguse nyekundu. Ukiona bado inaongeza mwendo bila mafuta, gia ni kubwa. Punguza sasa kabla haijashika kasi.

Breki ya mguu usiiguseguse njia nzima. Kama mwendo wako salama ni 40, subiri ifike 40, kanyaga kwa nguvu hadi 32 hivi, achia kabisa. Dramu zinapumua. Ikirudi 40, rudia. Kutoka Kericho kushuka mpaka uwanda wa Ahero unapoteza zaidi ya mita 800 za mwinuko. Njia hiyo haitaki ushujaa, inataka gia.


Hosi Kavu (Eldoret)

Naongeza moja tu ambayo tenwila haina: trela tupu kwenye mvua. Kila mtu anaogopa trela yenye mzigo, lakini tupu ndiyo hukunjika. Ekzosti breki na ritada (breki ya ziada isiyotumia laini) hushika ekseli za nyuma za kichwa peke yake. Semi ikiwa tupu, zile tairi hazina uzito wa kutosha juu yake. Lami ikilowa, mvua ya mchana ya Kericho kwa mfano, ukiwasha ritada kwa nguvu tairi hizo zinaslaidi, na semi iliyo nyuma inasukuma kichwa pembeni. Ukiona kwenye kioo semi haiko tena nyuma yako sawasawa, achia breki. Mguu utakataa, lakini tairi ikizunguka tena ndipo inashika. Mvua ikianza, ritada iwe hatua ya kwanza au izimwe, na mwendo upunguzwe kwa gia mapema.

Na raundabauti: kwenye tenwila kiti hukuambia ukianza kuinuka. Kwenye trela, tairi za ndani za semi zinaweza kuwa hewani na kiti chako kimetulia tu. Semi ya tanki la kubebea mafuta, likiwa limejaa nusu, ni mbaya zaidi, kwa sababu kuta za ndani ya tanki huzuia mafuta kukimbia mbele na nyuma, hazizuii kwenda ubavuni.


Mwenye Semi Mbili (Busia)

Fundi, hilo la matajiri limenigusa lakini ni kweli. Nami niseme la kuunganisha, kwa sababu hasara zake huja kwetu.

Semi iwe na hendibreki yake imeshika. Tazama urefu: bamba la semi liwe chini kidogo kuliko juu ya sahani ya kichwa (pale semi inapolalia), ili kichwa kikiingia kiinue semi. Semi ikiwa juu sana, kingpini inapita juu ya taya (kifungo cha kwenye sahani) au inashikwa nusu, na unaondoka ukidhani umefunga. Rudi polepole mpaka usikie mlio wa taya. Kisha, hendibreki ya semi ikiwa bado imeshika, vuta mbele kwa gia ndogo mara mbili. Shuka na tochi, ingia chini, uone kwa macho taya imeizunguka shingo ya kingpini na kati ya bamba na sahani hakuna mwanga. Weka pini ya usalama. Ndipo paipu: nyekundu ya hewa ya kudumu, ya njano ya breki ya mguu, kisha umeme. Inua miguu ya semi (inayoishikilia ikiwa bila kichwa) mpaka mwisho. Taa. Mawe toa.

Kufungua: mawe, hendibreki ya semi, miguu chini mpaka ishike ardhi, paipu zote, ndipo uvute mkono wa taya. Anayesahau paipu anazikata. Anayesahau miguu anaiangusha semi kwa pua, na hiyo winchi ya kuiinua si bei rahisi.


Kijana wa Canter (Ahero)

Wakubwa asanteni. Swali: kuna yadi huku kwetu, udongo mweusi, mvua imenyesha. Miguu ya semi yenye mzigo itashika kweli?


Mwenye Semi Mbili (Busia)

Haitashika. Mguu mmoja utazama usiku na asubuhi semi imelala upande. Weka mbao ngumu chini ya kila mguu, unene usipungue sentimita 5, upana mara tatu ya sahani ya mguu, na zote mbili ziwe unene mmoja. Na kama mzigo uko mbele zaidi ya semi, usifungue hapo kabisa. Ipeleke kwenye lami au kokoto.


Taniboi Mzee (Kisumu)

Na hizo mbao zifungwe kwenye semi kwa mnyororo. Huko Ahero zitapikiwa chai.