Nyota akiumia vibaya: kusubiri, kusajili mbadala, au kuuachia msimu? Tulinganishe timu za NBA

Mdunda Taratibu

Wadau, habari za wakati huu. Katika mchujo (hatua ya mtoano baada ya msimu) wa mwaka 2025 wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, nyota watatu walikatika kano ya Achilles, ile ya nyuma ya kisigino, ndani ya muda usiofika miezi miwili: Damian Lillard wa Milwaukee mwezi Aprili, Jayson Tatum wa Boston mwezi Mei, na Tyrese Haliburton wa Indiana mwezi Juni, tena katika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Oklahoma City. Jeraha ni lile lile, lakini kila uongozi ulishika njia yake. Milwaukee walimwacha Lillard ilhali bado walikuwa wanadaiwa zaidi ya dola milioni 110 za mkataba wake, na deni hilo wakaligawanya katika miaka mitano ili wapate nafasi ya kumsajili Myles Turner. Boston walibaki na Tatum lakini wakawatoa Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis ili kupunguza mzigo wa mishahara. Indiana walitangaza mapema kwamba Haliburton hatacheza msimu wote uliofuata, na Turner, aliyekuwa wao, ndiye huyo aliyewaponyoka akaenda Milwaukee.

Napendekeza tulinganishe njia tatu: kumsubiri aliyeumia bila kuvunja kikosi, kutafuta mbadala mara moja hata kwa kutumia leo mali ya kesho, au kukubali kwamba msimu umeharibika na kuvizia drafti, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya, ambapo timu dhaifu hupewa nafasi nzuri ya kuchagua mapema. Mimi naegemea kusubiri, na hoja yangu ni Denver. Jamal Murray alichanika ligamenti ya goti Aprili 2021 na hakucheza hata dakika moja ya msimu wa 2021–22, msimu ambao Michael Porter Jr. naye alicheza michezo 9 tu kabla ya mgongo kumlazimisha kufanyiwa upasuaji. Nikola Jokić alibaki akiubeba mzigo peke yake, wakatolewa raundi ya kwanza na Golden State. Uongozi haukumuuza Murray wala Porter. Ulimwongeza Kentavious Caldwell-Pope na Bruce Brown pembeni yao, na mwezi Juni 2023 Denver wakaishinda Miami 4–1 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza.

Mzee wa Ribaundi

Ndugu Mdunda, umechagua mfano unaokupendelea. Nami nakuletea Chicago.

Aprili 2012 Derrick Rose, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi msimu uliotangulia, alikuwa bado uwanjani katika mchezo wa kwanza wa mchujo dhidi ya Philadelphia, zikiwa zimesalia dakika moja na sekunde ishirini na kitu, na timu yake ikiongoza kwa pointi 12. Aliingia ndani, akaruka ili atue kwa miguu yote miwili, na goti la kushoto likamsaliti. (Kwa nini alikuwa bado anacheza? Mjadala huo ukiufungua leo hutaufunga kabla ya wiki ijayo.) Chicago, waliokuwa vinara wa kanda ya Mashariki, walitolewa na timu iliyoshika nafasi ya nane. Wakamsubiri msimu mzima wa 2012–13. Alirudi, akacheza michezo 10, kisha goti la kulia nalo likaharibika. Wakati wanasubiri, kikosi kilichomzunguka kilizidi kuchakaa. Luol Deng aliondoka Januari 2014, na Rose mwenyewe akaondoka mwaka 2016 bila kuifikisha timu fainali.

Angalia kwamba Rose alikuwa na miaka 23 alipoumia, na Murray 24. Kwa hiyo anayedai kwamba kijana husubiriwa na mzee huuzwa, bado hajaeleza kitu.

Fundi wa Magoti

Mzee, tofauti naiona katika namna mtu anavyopata pointi zake. Murray huishi kwa mtupo wa kusimama ghafla, kwa kubadili mwendo, na kwa kucheza sambamba na Jokić, mambo ambayo mguu uliopunguza kasi kidogo bado unayaweza. Rose alikuwa akiishi kwa mruko wa kwanza na kwa kubadili mwelekeo hewani.

Naongea kama mtu aliyepitia. Nilichanika ligamenti ya goti nikicheza ligi ya wafanyakazi, si jambo la kutangazwa popote. Mwezi wa tisa baada ya upasuaji nilikuwa nakimbia na kutupa mpira kama zamani, na nilijiona nimepona. Kumbe kila nilipogombea ribaundi (mpira uliokosa kikapu) nilikuwa natua kwa mguu usioumia tu bila kujijua, hadi mwenzangu aliponirekodi na kunionyesha: ule mguu mwingine ulikuwa unaigusa sakafu kama mtu anayepima maji ya kuoga kwa kidole. Goti lilishapona, lakini kichwa kilikuwa hakijaambiwa. Kwa sababu hiyo siamini mkataba wowote unaosainiwa kabla mchezaji hajarudi uwanjani.

Lakers walifanya hivyo hasa. Kobe Bryant alikatika kano ya Achilles Aprili 2013 akiwa na miaka 34, na Novemba mwaka huo huo, kabla hajacheza mchezo wowote, wakamwongezea miaka miwili kwa dola milioni 48.5. Msimu huo alicheza michezo 6. Kwa upande mwingine, Kevin Durant aliumia vile vile katika fainali za 2019, Brooklyn wakamsajili akiwa bado mgonjwa na kumlipa msimu mzima bila kumtumia, naye akarudi Desemba 2020 akifunga kama kawaida. Ila Durant hurusha mpira juu ya mikono ya kila mtu. Hahitaji kumpita mlinzi wake ndipo apate nafasi. Lillard alipoumia alikuwa na miaka 34, umri ule ule wa Kobe, na ni mfupi wa kimo. Sishangai kwamba Milwaukee waliogopa.

Hesabu za Benchi

Kuogopa sawa, lakini tuangalie gharama ya woga huo. Fedha walizozigawanya zinakaa kwenye hesabu yao ya mishahara kwa miaka mitano, zaidi ya dola milioni 20 kila mwaka, kwa mtu ambaye hayupo tena.

Nadhani mjadala huu unasahau kwamba njia ya pili, ya kutafuta mbadala, imefungwa zaidi ya tunavyodhani. Timu ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida na 3 za wachezaji wanaokwenda na kurudi kati yake na timu ya chini. Nyota akiumia, hakuna nafasi mpya inayofunguka yenyewe. Ligi ina idhini maalumu kwa timu iliyovuka ukomo wa mishahara: daktari akithibitisha kwamba mchezaji hatarajiwi kurudi kabla ya tarehe 15 Juni, timu inaruhusiwa kusajili mtu wa kuziba pengo kwa mkataba wa mwaka mmoja, lakini kwa nusu ya mshahara wa aliyeumia au kwa kiwango cha wastani ambacho ligi imekipanga, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Aliyempoteza mtu wa dola milioni 50 asidhani atapata milioni 25 za kununulia mwingine. Msimu wa 2025–26 dari ilikuwa milioni 14 na kidogo. Na tangu makubaliano ya mwaka 2023, timu iliyopita kizingiti cha pili cha mishahara, kilicho juu zaidi ya ule ukomo, hairuhusiwi hata kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumchukua mmoja mkubwa. Hicho ndicho kilichowatoa Holiday na Porziņģis. Boston wangelazimika kupunguza mzigo hata Tatum angekuwa mzima. Jeraha liliwaondolea tu sababu ya kuchelewa.

Kona ya Kushoto

Basi nitetee ile njia ya tatu ambayo wengi huionea aibu. San Antonio walishinda michezo 59 msimu wa 1995–96. Msimu uliofuata David Robinson alicheza michezo 6 tu kwa sababu ya mgongo na mguu, timu ikaishia na ushindi wa michezo 20, na katika drafti ya 1997 wakampata Tim Duncan. Robinson akarudi mzima, na mwaka 1999 wakawa mabingwa. Msimu mmoja mbovu ukazaa miongo miwili ya neema.

Hesabu za Benchi

Kona, malizia hadithi. Mwaka ule ule Boston walishinda michezo 15 tu, na kwa kuwa na zamu mbili katika bahati nasibu inayopanga nani achague kwanza kwenye drafti walikuwa na asilimia 36 za kupata nafasi ya kwanza. Waliambulia nafasi ya tatu na ya sita. Kanuni zilizoanza na drafti ya 2019 zilizipa timu tatu za mwisho asilimia 14 kila moja.

Hata Golden State wanafundisha kinyume cha wanavyotajwa. Msimu wa 2019–20, Klay Thompson akiuguza goti na Stephen Curry akiwa amevunjika mkono, walimaliza na ushindi 15 na vipigo 50, wakamchagua James Wiseman nafasi ya pili. Wiseman hakucheza hata mchezo mmoja wa msimu wa 2021–22 walipotwaa ubingwa. Aliyewasaidia ni Andrew Wiggins, waliyempata kwa kumtoa D'Angelo Russell, na Russell mwenyewe walimpata Durant alipoondoka. Mkataba mkubwa waliokubali kuushika, wakaubadilisha wakati mwafaka, ndio uliowafaa kuliko drafti.

Mzee wa Ribaundi

Hapo nakuunga mkono. Na kuna njia nyingine ambayo Mdunda hakuiorodhesha: kumchukua aliyeumia kutoka kwa timu iliyochoka kusubiri. Toronto walimpata Kawhi Leonard mwaka 2018 baada ya msimu aliocheza michezo 9, wakampumzisha hadi akacheza 60 kati ya 82, wakatwaa ubingwa wa 2019. Akaondoka mwezi uliofuata, na sijasikia shabiki wa Toronto akijuta.

Mdunda Taratibu

Nimekubali kuhusu Rose, na nimekubali zaidi kuhusu fedha za Lillard. Ila kwa Klay sirudi nyuma. Katika mchezo wa sita wa fainali za 2019 alitoka uwanjani akiwa ameshikwa huku na huku, akageuka kabla hajafika chumbani, akarudi peke yake kupiga mitupo miwili ya adhabu, na yote ikaingia, ligamenti ikiwa imeshachanika. Baadaye alikatika kano ya Achilles pia. Golden State walimsubiri siku 941.

Fundi wa Magoti

Walimsubiri wakiwa na Curry, ndugu yangu. Nao Denver walikuwa na Jokić. Chicago walipokuwa wanamsubiri Rose, walikuwa na nani?

Mzee wa Ribaundi

Joakim Noah, na mimi nilimpenda sana. Lakini nimekuelewa.