Mululuza, karela au mbegu za jambula: kipi kinamfaa mgonjwa wa kisukari?

Mkazi wa Busia
Ndugu zangu, mama yangu ana umri wa miaka 63, na huu ni mwaka wa nne akitumia metformini kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Majirani wamemletea majani machungu ya mmea wa mululuza, karela mbichi (lile tunda chungu linaloliwa kama mboga), na unga wa mbegu za zambarau, ambazo huku kwetu tunaziita jambula. Kila mmoja anaapa kuwa cha kwake ndicho kinachoshusha sukari. Naomba wenye ujuzi wanieleze tofauti zake kabla mama hajaanza kuvinywa vyote kwa pamoja.

Binti wa Mukono
Mululuza ninaufahamu tangu utotoni. Bibi alikuwa akichuma majani asubuhi, akiyafikicha ndani ya maji baridi hadi povu la kijani lipande juu, kisha akiyachuja kwa kitambaa, na uchungu wake ulibaki kooni hadi adhuhuri. Hata hivyo, sisi alitunywesha kwa ajili ya homa na maumivu ya tumbo. Kwa upande wa kisukari, matokeo mazuri yanayotajwa yametokana zaidi na majaribio ya panya, na nyumbani hakuna awezaye kujua kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani.

Muuguzi, Jinja
Kati ya hivyo vitatu, karela ndiyo ninayoiheshimu na kuihofia zaidi. Utafiti wa Thailand uliochapishwa mwaka 2011 uliilinganisha na metformini kwa wiki nne: gramu 2 za karela kavu kwa siku zilishusha sukari kwa kiasi kidogo, pungufu ya gramu 1 ya metformini. Tafiti nyingine hazikuona tofauti yoyote. Hatari kubwa huja pale mgonjwa anapotumia pia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Nimewahi kumpokea mzee aliyekunywa bilauri ya maji ya karela bila kula, baada ya kumeza kidonge cha aina hiyo. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, mikono ikitetemeka, hata jina la mwanawe lilimpotea. Kipimo cha sukari kilisoma milimoli 2.6 kwa lita ya damu, ilhali chini ya 3.9 tayari ni hatari. Karela iliyokaangwa kwa vitunguu na kuliwa kama mboga ni jambo jingine. Mjamzito asiitumie kama dawa. Tena msiichanganye na bbombo inayotambaa kwenye nyua zetu, kwani ni jamaa yake lakini si mmea uleule.

Mwanafunzi wa famasia, Kampala
Naunga mkono maneno ya dada muuguzi, ila nisingependa mtu aondoke hapa akidharau mimea. Metformini yenyewe ina asili yake katika mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, ambao uliweza kuua mifugo iliyoula kwa wingi; ilibidi wanakemia watengeneze kiini kilicho salama zaidi, ndipo mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa metformini. Mbegu za jambula hazijafanyiwa kazi ya namna hiyo, na unga unaouzwa bila lebo huwezi kujua umechanganywa na nini. Hapa Wandegeya ipo taasisi ya serikali inayochunguza dawa za asili, na ningeanza kuuliza huko kabla ya kumwamini muuzaji. Kubwa zaidi, asiache metformini.

Mkazi wa Busia
Nawashukuru sana. Pakiti ya jambula haina jina la mtengenezaji wala tarehe, kwa hiyo nimeiondoa jikoni. Mululuza nao tumeuweka kando. Karela atakula kama mboga mara mbili kwa wiki, baada ya kumweleza daktari wake siku ya kliniki, na vidonge vyake vinaendelea kama kawaida. Kabla ya hapo nimeanza kumpima kila asubuhi kabla ya chai, ili tuwe na namba za kulinganisha. Leo ilikuwa 8.4, na mama ameiandika mwenyewe kwenye daftari.