Krimu ya edelweiss na arnica: inafaa kwa mikono iliyopasuka kwa baridi ya Mbeya?

Binti Uyole
Habari zenu, ndugu zangu. Tangu kipupwe kianze, ngozi ya mikono yangu imekauka hadi kupasuka. Dada yangu anayeishi Ujerumani ameniletea krimu ambayo kopo lake linaeleza kwamba ina viini vya maua mawili ya milima ya Alps, edelweiss na arnica, ambayo wenyeji wa huko wameyatumia kama dawa kwa karne nyingi. Naomba wenye ujuzi mnieleze maua hayo yana nguvu gani hasa. Tena, kama nguvu yenyewe inatokana na kuota mlimani, kwa nini tusitumie maua ya uwanda wa Kitulo, yaliyo jirani zetu?

Mfamasia wa Soweto
Dada, maua hayo mawili yana historia tofauti, nayo makopo hupenda kuyachanganya.

Edelweiss ni mmea mfupi wenye manyoya meupe, unaoota hasa kwenye miamba ya chokaa kati ya mita 1,800 na 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika tiba za jadi za Alps ulichemshwa kwa maziwa ili kutuliza tumbo la kuhara. Kwa hiyo anayeuza krimu ya ngozi kwa jina la wahenga hao anaazima sifa za dawa ya tumbo. Watengenezaji wa leo wamevutiwa na jambo jingine: mmea unaoishi kwenye jua kali la mlimani hujijengea kinga yake, na ndani ya edelweiss kuna asidi ya leontopodi, ambayo majaribio ya maabara yameonyesha kuwa hupunguza uharibifu unaoletwa na oksijeni kali, yaani aina za oksijeni zinazodhuru chembe hai za mwili. Hata hivyo, kinachofanyika ndani ya chupa ya maabara si lazima kifanyike kwenye ngozi ya mtu, hasa pale kiini chenyewe kinapotajwa mwishoni kabisa mwa orodha ya viambato, ambako kwa kawaida huwekwa vilivyotiwa kidogo sana. Picha ya kilele chenye theluji nayo isikuhadae, kwa sababu ua hilo linalindwa kisheria katika sehemu nyingi za Alps, na linalotiwa kwenye vipodozi kwa kawaida hulimwa shambani, kwa mfano jimbo la Valais nchini Uswisi.

Arnica ndiyo yenye mizizi ya kweli katika tiba ya kupaka. Imetumika tangu zamani kwa misuli iliyoteguka na kwa damu iliyovilia chini ya ngozi, na kiini chake kiitwacho helenalini hupunguza uvimbe. Lakini kiini hichohicho ni sumu kikimezwa, na huweza kuamsha mzio. Ndiyo maana arnica haipakwi kwenye ngozi iliyochanika. Mikono yako imepasuka, basi kopo hilo liweke kando kwanza.

Mzee wa Pareto, Umalila
Mwanangu, mfamasia amesema vema, nami naongeza la shambani. Arnica ni ya ukoo mmoja na alizeti na pareto, ua linalotengenezewa dawa ya wadudu. Wapo wachumaji wa pareto ambao mikono huwatoka upele na kuwasha kila msimu, na mtu wa namna hiyo ana sababu ya kuiogopa arnica hata ngozi yake ikiwa nzima. Je, wewe umewahi kuchuma?

Wa Makete
Kuhusu Kitulo: ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na kuchuma ua humo ni kosa. Uwanda ule umeshaumia vya kutosha kwa watu kuchimba viazi vya okidi na kuvipeleka Zambia kutengenezea chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo. Ni kweli kwamba kule juu kuna maua makavu yasiyonyauka ambayo kwa ukoo yako karibu na edelweiss, lakini ukaribu huo hauthibitishi kwamba viini vyake ni vilevile, wala kwamba ni salama kwenye ngozi.

Binti Uyole
Shikamoo mzee. Nilikuwa nikimsaidia bibi kuchuma pareto, na mikono iliniwasha sana.

Mfamasia wa Soweto
Basi hiyo krimu usiipake hata mikono ikipona. Kila unaponawa, paka mafuta ya mgando au ya parachichi ngozi ikiwa bado na unyevu, na usiku vaa soksi za pamba mikononi. Nyufa zikianza kutoa majimaji au usaha, nenda kituo cha afya.