Maporomoko ya Kakombe mwezi Machi: je, ni salama kushuka bondeni?

Mkazi wa Mwanga, Kigoma

Nawasalimu nyote. Mwezi Machi nitapokea wageni kutoka Tabora, shemeji yangu na binti yake wa miaka 14, ambao wameng'ang'ania kuyaona maporomoko ya Kakombe katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Mimi nimewahi kufika pale mara moja tu, mwezi Agosti, wakati maji yalikuwa membamba na njia imekauka. Je, ni busara kuwapeleka wakati mvua bado zinanyesha? Na je, naweza kuunganisha safari hiyo na maporomoko ya Igamba, kwenye Mto Malagarasi?

Msindikizaji wa zamani

Ndugu yangu, Kakombe ya masika ndiyo Kakombe yenyewe. Maji huanguka kutoka kimo cha mita 25 hivi, na hata kabla hujayaona, hewa ya bondeni huwa imekwisha kukulowesha uso. Sokwe madume nao wamewahi kuonekana hapo wakibembea kwenye mimea itambaayo ya mwituni na kurusha mawe mbele ya maji, jambo ambalo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe mwaka 1960, alilieleza kwa kirefu.

Hatari yake inatokana na umbo la nchi. Mabonde ya Gombe ni mafupi na yana mteremko mkali, kwani kutoka Ziwa Tanganyika, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi vilele vinavyozidi mita 1,500, ni mwendo wa kilomita chache tu. Kwa hiyo mvua ikipiga kule juu, kijito hujaa upesi, hata kama ninyi huku chini mmesimama juani. Msitazame anga lililo juu ya vichwa vyenu, tazameni mawingu ya mgongo wa mlima.

Siku moja nilichomeka fimbo ukingoni, maji yakiwa yanaigusa chini kabisa, nikawaacha wageni wakipiga picha. Kilichonishtua hakikuwa kina bali rangi: maji yaliyokuwa meupe yaligeuka kama chai ya maziwa, yakaanza kuleta majani mabichi na vijiti. Tuliondoka mara moja, na nilipogeuka nyuma fimbo ilikuwa imezama nusu. Tangu hapo, maji yakibadilika rangi sibishani nayo.

Kuhusu mawe, ule utelezi wa kijani ni mbaya kuliko tope, kwa hiyo malapa yabaki kambini. Vaeni raba zenye meno. Wala binti asiogelee chini ya poromoko, kwa sababu wakati wa mvua huporomoka magogo na mawe pia. Mwongozaji wa hifadhi ni lazima mwende naye, na akisema turudi, rudini.

Mtu wa Kaliua

Naunga mkono, ila Igamba ina tabia nyingine kabisa. Malagarasi hupitia ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 32,500, nayo hunyonya mvua kama sifongo na kuiachia polepole. Kwa hiyo mto huo haujai kwa saa moja, lakini ukijaa hukaa umejaa kwa majuma mengi, hata mvua zikiwa zimekata. Hapo kungojea maji yapungue jioni, kama mtu wa Gombe anavyoweza kufanya, ni kujidanganya. Mwezi Machi mngeutazama kutoka mbali, na barabara za udongo za upande wa Uvinza zingewachosha kabla hamjafika.

Mkazi wa Mwanga, Kigoma

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimeamua kwamba Igamba isubiri kiangazi, nasi tutakwenda Kakombe asubuhi. Swali la mwisho: je, tunaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa boti kutoka Kibirizi?

Msindikizaji wa zamani

Ni kama kilomita 16 tu, lakini laleni huko huko. Ziwa likichafuka alasiri, mwenye haraka ya kurudi huwa ndiye anayekubali kupanda boti ambayo asubuhi angeikataa. Na kila mmoja avae jaketi la kuokolea kabla boti haijang'oa nanga, shemeji hata akisema linamharibia kitenge.